Miji ya Milimani na Mabonde ya Himachal

Mazungumzo haya yanahusu nchi ya milima iliyo kaskazini mwa Bara Hindi, mahali ambapo tambarare za Punjab zinakoma na ardhi inaanza kupanda kuielekea theluji ya Himalaya. Jimbo hilo huitwa Himachal Pradesh, yaani nchi ya milima ya theluji, nalo lilipata cheo cha jimbo kamili tarehe 25 Januari 1971. Watu wa Afrika Mashariki wanaokwenda India kwa biashara, kwa masomo au kwa matibabu, mara nyingi hukaa Mumbai, Delhi au Chennai, kisha hurudi kwao wakisema kwamba India ni nchi ya joto na msongamano. Wamesema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kutoka Delhi, mwendo wa usiku mmoja humfikisha msafiri mahali ambapo watu hulala na blanketi mwezi wa Juni.

Kila aliyewahi kupanda mlima anajua kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Kwa kila futi 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa kadiri ya digrii mbili. Miezi ya Mei na Juni joto la Delhi hupita digrii 40, hata lami ya barabara ikalainika. Lakini katika mji wa Shimla, ulio juu kiasi cha futi 7,000, watu huvaa sweta jioni. Kimo hicho hakitofautiani sana na kile cha Limuru, ila Shimla iko mbali na mstari wa Ikweta, na kwa hiyo katika Desemba na Januari theluji huanguka juu ya mapaa.

Jambo hili ndilo lililowapeleka Waingereza huko. Watu wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana jinsi watawala wa zamani walivyoipenda nchi ya baridi, na wale wa Usambara hawajasahau kwamba Wajerumani waliijenga Lushoto kwa shauri hilohilo, wakaipa jina la Wilhelmstal. Katika India mambo yalifanywa kwa ukubwa zaidi. Tangu mwaka 1864 Shimla ilifanywa makao makuu ya serikali wakati wa jua kali. Kila mwaka Gavana Mkuu, aliyeitwa Vaisrai, aliondoka Calcutta pamoja na makarani, majalada, masanduku na watumishi, akasafiri zaidi ya maili 1,000 mpaka milimani, na baridi ilipokaribia wote wakateremka tena. Watu wengi wa nchi kubwa kama ile wakatawaliwa nusu ya mwaka kutoka kwenye ukingo wa mlima mwembamba ambao mtu aweza kuumaliza kwa miguu asubuhi moja.

Ni nani aliyeyachukua masanduku hayo? Kabla ya reli kuwako, yalibebwa kwa mikokoteni, kwa nyumbu na kwa migongo ya watu. Wanavijiji wa milimani walikuwa chini ya desturi iliyoitwa begar, yaani kazi ya lazima. Mtu aliweza kuitwa kutoka shambani mwake, hata wakati wa mavuno, akabebeshwa mizigo ya maofisa na wasafiri kwa malipo kidogo au pasipo malipo. Aliyeipigania haki yao kwa nguvu alikuwa Mmarekani, Samuel Evans Stokes. Kijana huyu alifika India mwaka 1904 kuwahudumia wagonjwa wa ukoma, akaoa katika nchi ile, akakaa Kotgarh, ng'ambo ya Shimla, akawa mkulima. Mwaka 1921 alifungwa jela na serikali ya Kiingereza kwa kushirikiana na wapigania uhuru wa India. Lakini wakulima wa leo humkumbuka zaidi kwa jambo jingine: ndiye aliyeleta kutoka Marekani miche ya matofaa matamu mekundu na kuwaonyesha majirani zake namna ya kuilima. Siku hizi tofaa ndilo zao kubwa la biashara katika milima ile, na mgeni apitaye mwezi wa Agosti au Septemba huona malori yaliyojaa masanduku ya matunda yakiteremka usiku na mchana. Nyumba nyingi nzuri za mawe na mbao alizoziona njiani zimejengwa kwa fedha za matofaa.

Sasa ni vizuri kusema juu ya njia ya kufikia. Motokaa na mabasi yako mengi, lakini asiye na haraka na apande gari la moshi dogo litokalo Kalka. Reli hiyo ina urefu wa maili 60, na upana wake ni futi 2 na inchi 6 tu, hata watu huliita gari la kuchezea. Si la kuchezea. Kutoka Kalka, ulio juu kiasi cha futi 2,150, hupanda mpaka futi 6,800 katika kituo cha Shimla, likipita katika mahandaki zaidi ya 100 na madaraja zaidi ya 800. Karibu na Kanoh kuna daraja la mawe lenye matao yaliyopangwa safu nne, moja juu ya nyingine, na gari hupita juu yake likiwa limepinda kama jongoo. Safari huchukua saa tano au zaidi. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliitia reli hii katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Msikilizaji wa Kenya atapendezwa kujua kwamba reli hii ni ndugu wa reli yake mwenyewe. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901. Ile ya Shimla ilianza mwaka 1898, ikafunguliwa tarehe 9 Novemba 1903. Basi miaka ile ile ambayo watu walikuwa wakiteremsha mataruma kwa kamba katika ukingo wa Bonde la Ufa, wengine walikuwa wakitoboa miamba ya Himalaya. Watu wapatao 32,000 waliletwa Afrika Mashariki kutoka India kwa kazi ya reli, wengi wao kutoka Punjab, mkoa uleule ambao chini yake Kalka ilikuwa wakati ule. Zaidi ya 2,000 kati yao walikufa huku kwa magonjwa, kwa ajali na kwa simba wa Tsavo. Wako wazee wa Kisumu na Nairobi ambao babu zao walikuwa mafundi wa kazi hiyo.

Handaki refu kuliko yote katika njia ya Shimla ni lile la Barog, lenye futi 3,750 na zaidi. Wenyeji husimulia kwamba mhandisi wa kwanza, aliyeitwa Barog, aliamuru mlima utobolewe kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, lakini vibarua hawakukutana katikati. Serikali ikamtoza faini ya rupia moja. Fedha haikuwa kitu, ila aibu ilimshinda, akajiua kwa bunduki. Kisha mhandisi mwingine akaimaliza kazi, na inasemekana kwamba aliyemwonyesha njia ni mtu wa kijijini asiyejua kusoma, jina lake Bhalku, aliyekuwa akigonga mwamba kwa fimbo na kusikiliza sauti yake. Pengine hadithi imeongezwa chumvi katika kusimuliwa. Hata hivyo kituo kinaitwa Barog mpaka leo, gari husimama pale abiria wakanywa chai, na jumba la kumbukumbu za reli mjini Shimla limepewa jina la Bhalku.

Shimla yenyewe imekaa juu ya mgongo wa mlima, na nyumba zake zimening'inia pande zote kama mizinga ya nyuki. Barabara kuu, iitwayo Mall, hairuhusiwi motokaa za watu. Kila mtu hutembea, awe mkubwa au mdogo, na kutoka barabara ya chini kuna lifti ya kuwapandisha waliochoka. Zamani Wahindi wa kawaida walizuiliwa kutembea katika Mall kwa saa fulani, wakati wakubwa walipokuwa wakivutwa katika vigari vyao na watu waliovaa sare. Siku hizi familia kutoka Delhi na Chandigarh hukaa pale juu kwenye uwanja wa Ridge wakila barafu tamu, mbele ya kanisa la rangi ya manjano lililojengwa katika karne ya 19. Jumba la Vaisrai, lililomalizika mwaka 1888, ndimo walimokutana viongozi wa India na serikali ya Kiingereza mwaka 1945 wakazungumza juu ya uhuru bila kupatana. Tangu miaka ya 1960 jumba hilo ni chuo cha wataalamu, na mgeni aweza kuingia sehemu yake kwa kulipa kiingilio. Atakayependa kupanda zaidi aende kilima cha Jakhu, penye hekalu la Hanuman, lakini afiche miwani yake. Nyani wa pale huinyakua usoni mwa mtu, kisha hukaa juu ya ukuta wakingoja kupewa chakula ndipo waiachilie.

Mambo mazuri ya Shimla yakisha kusemwa, yapo mengine yasiyoweza kunyamaziwa. Mji ulijengwa kwa ajili ya watu wachache. Katika hesabu ya mwaka 2011 wakaaji wake walikuwa wamekaribia 170,000, na wakati wa joto wageni huongezeka juu ya hao. Mji uliokaa kileleni hauna mto. Maji yake husukumwa kwa mashine kutoka mabonde ya chini, kupanda maelfu ya futi. Mwezi wa Mei 2018, baada ya majira ya baridi yenye theluji haba, mifereji ilikauka siku nyingi. Wakaaji walipanga foleni na ndoo usiku, wakafunga barabara kwa hasira, na baadhi yao wakatangaza wakiwasihi wageni wasije. Hebu wasikilizaji wafikiri jambo hilo: mji unaokula kwa mikono ya wageni ukiwaomba wageni wabaki makwao.

Kisha ikaja mvua. Upepo uletao mvua katika nchi ile si mgeni kwa watu wa pwani, kwani ni ileile kusi iliyokuwa ikiyasukuma majahazi kutoka Lamu na Mombasa kuelekea India. Kuanzia Juni hadi Septemba huubeba unyevu wa bahari mpaka milimani na kuumwaga huko. Mwaka 2023 ilimwagika kwa namna isiyo ya kawaida. Mwezi wa Julai mto Beas ulifurika katika bonde la Kullu, ukang'oa vipande vya barabara kuu, ukachukua majengo na motokaa kama majani, na maelfu ya wageni wakakwama. Tarehe 14 Agosti mteremko wa Summer Hill, ndani ya Shimla, uliporomoka asubuhi ukalifunika hekalu la Shiva lililokuwa na watu waliokuja kuomba. Watu 20 walikufa. Reli ndogo iliyotajwa iliachwa ikining'inia hewani, vyuma vyake vikiwa vitupu bila ardhi chini yake, ikatengenezwa kwa miezi kadhaa. Katika jimbo zima waliokufa kwa mvua za mwaka ule walipita 400.

Wengine husema ni kudra, wengine husema hali ya hewa ya dunia imegeuka, na wote wana sababu zao. Lakini wataalamu wa udongo waliongeza neno ambalo fundi yeyote wa kijijini angelielewa: milima ya Himalaya ni michanga na udongo wake haujashikamana, ukiukata mguu wa mlima ili kupanua barabara, au ukipanga nyumba za saruji ghorofa tano na sita juu ya mteremko, au ukijenga hoteli katika njia ya mto kwa sababu maji hayajapita hapo miaka mingi, basi mvua kubwa itakapokuja itadai mahali pake. Wazee wa milima hiyo walijua. Nyumba zao za kale hujengwa kwa kupanga mbao za mwerezi na mawe kwa zamu, tabaka juu ya tabaka, bila saruji, ili ukuta uweze kutikisika pasipo kuanguka. Tetemeko kubwa la tarehe 4 Aprili 1905 liliua watu wapatao 20,000 katika wilaya ya Kangra na jirani zake, lakini ngome ya Naggar, iliyojengwa kwa namna hiyo ya kale, ilibaki imesimama, na leo ni nyumba ya wageni. Anayekwenda kuitazama na aipapase kuta zake kwa mkono.

Naggar iko katika bonde la Kullu, na bonde hilo ndilo ambalo watu wengi hulipenda kuliko Shimla. Mto Beas hutoka kwenye theluji karibu na kipito cha Rohtang, ukateremka kwa kelele kati ya mashamba ya matofaa na misitu ya mierezi. Msanii Mrusi Nicholas Roerich alilipenda bonde hilo hata akahamia Naggar mwaka 1928, akachora milima yake mpaka kifo chake mwaka 1947. Nyumba yake imehifadhiwa pamoja na picha. Wanawake wa Kullu husuka shali za sufi zenye mapambo ya rangi kali pembeni, nazo huuzwa kila mahali, nzuri na mbaya pamoja. Anunuaye hufanya vema kwenda kwenye maduka ya vyama vya ushirika vya wasukaji, ambako bei imeandikwa na fedha haipiti mikono mingi.

Katika mwezi wa Oktoba, Wahindu wa sehemu nyingi wanapoimaliza sikukuu ya Dussehra, watu wa Kullu ndipo wanapoianza. Kwa siku saba miungu ya vijiji, mamia kwa hesabu, huletwa kwa machela kutoka kila bonde, pamoja na ngoma na pembe ndefu za shaba, kumwamkia Raghunath katika uwanja wa Dhalpur. Huko Manali, mwendo wa maili 25 juu ya mto, hekalu la Hadimba limesimama katikati ya mierezi mikubwa tangu mwaka 1553, lote la mbao na mawe, mapaa yake yakiwa yamepangana. Na baada ya tarehe 14 Januari, katika kijiji cha Goshal na jirani zake karibu na Manali, watu hawapigi kelele kwa siku 42. Hawalimi, hawawashi televisheni wala redio, kwa kuwa huaminiwa kwamba miungu imekwenda mbinguni na haipendi kusumbuliwa. Mgeni afikaye wakati huo hutakiwa kuishika desturi kama wenyeji.

Zamani Manali ilikuwa mwisho wa njia kwa muda wa nusu mwaka. Ng'ambo yake kuna kipito cha Rohtang, juu futi 13,000 na zaidi, na theluji ilipokifunga, watu wa bonde la Lahaul walifungiwa kwao. Mgonjwa mahututi alingoja helikopta ya serikali, na helikopta ilingoja mawingu yafunguke. Mwanamke aliyepata uchungu wa uzazi katika Januari mbaya alikuwa mikononi mwa Mungu na mkunga. Tarehe 3 Oktoba 2020 handaki la Atal lilifunguliwa chini ya mlima huo. Urefu wake ni maili 5 na nusu hivi, lipo juu zaidi ya futi 10,000, nalo limefupisha njia ya kwenda Keylong kwa maili zipatazo 28. Sasa mgonjwa hufika hospitali ya Kullu siku hiyohiyo, na mkulima wa viazi na njegere wa Lahaul haoni tena mazao yake yakingoja barabara.

Hata hivyo njia ipitishayo mgonjwa hupitisha na kila mtu. Jumapili za majira ya theluji motokaa husimama foleni ndefu ndani na nje ya handaki, na kijiji cha Sissu, kilichokuwa kimya tangu zamani, hukuta chupa na karatasi katika mashamba yake theluji inapoyeyuka. Juu ya kipito chenyewe mahakama ya mazingira ilikwisha kuweka mpaka mwaka 2015, motokaa 1,000 tu kwa siku, zenye vibali, kwa kuwa moshi ulikuwa ukiipaka theluji masizi. Katika Lahaul vijana wamefungua hoteli ndogo na wazee wananung'unika. Kijana asemaye kwamba hataki tena kwenda Delhi kutafuta kazi hakukosea, na mzee aulizaye choo cha hoteli zote hizo kinamwagika wapi hakukosea pia. Baada ya yaliyoipata Manali, swali la mzee linastahili kujibiwa kabla saruji haijakauka.

Kwa atakayekwenda, miezi mizuri ni Aprili hadi katikati ya Juni, na tena mwisho wa Septemba hadi Novemba, mvua ikiwa imekwisha na milima ikionekana wazi. Julai na Agosti ni bora kuiepuka, si kwa uoga, bali kwa sababu barabara zikifungwa mgeni hula chakula na maji ya watu waliokwisha kupungukiwa. Siku za Jumamosi na Jumapili za Mei na Juni Shimla hujaa mno; afikaye Jumatatu hupata chumba kwa bei nafuu. Anayepanda kupita Rohtang au kwenda bonde la Spiti, lililo kavu na penye hekalu la Tabo lililojengwa mwaka 996, na apumzike Manali siku mbili kwanza, anywe maji mengi, na akiona kichwa kinauma na kutapika kunaanza, ateremke mara moja bila kungoja asubuhi. Mgeni wa nchi za nje anayeingia Spiti kwa njia ya Kinnaur hutakiwa kuwa na kibali, kwa kuwa njia hiyo yapita karibu na mpaka wa China. Kibali hicho hutolewa Shimla na Reckong Peo kwa kuonyesha pasipoti, na ofisi hufungwa Jumapili.